Mkalimani na Bonde Letu

Mkalimani alikuwa na sauti mbili, na sisi watu wa bonde la chini tulizijua zote. Ya kwanza ilikuwa ya nyumbani, nzito, ya taratibu, ile aliyosalimia nayo watu njiani na kuitia mbuzi wake. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya puani kidogo, na ilitoka siku za baraza tu, aliposimama mkono wa kushoto wa Bwana Shauri, mzungu aliyetawala wilaya, macho ameyafumba, mikono ameiweka nyuma, anageuza Kiingereza kuwa Kinamwanga, lugha yetu, na Kinamwanga kuwa Kiingereza. Jina lake alikuwa nalo, kama mtu yeyote. Silitaji. Hata mkewe alimwita Mkalimani, na mimi naona jina hilo linamtosha. Alilifanyia kazi.

Nimemchukia kwa miaka mingi kuliko niliyompenda. Lakini nilianza kwa kumpenda, na nisipolisema hilo nitakuwa namfanyia kama alivyotufanyia sisi.

Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima kilichogawa mabonde mawili, mwendo wa nusu siku kutoka Chapwa, jirani na banda la baraza. Bonde la juu lilikuwa na watu wengi na ng'ombe wengi. Bonde la chini tulikuwa sisi, wachache, na mto. Tulioana, tulizikana, tulikaa kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya ulezi tukainyonya kwa mirija. Mkalimani mwenyewe alioa bonde la juu, lakini jioni alishuka kwetu, maana alisema maji yetu ni matamu na midomo yetu haina haraka.

Alivaa koti jeusi la sufu aliloachiwa na Bwana Shauri mmoja aliyehamishwa. Alilivaa hata Oktoba, jua linapopasua mawe. Baraza likiisha, kabla hajasema na mtu, alikwenda nyuma ya banda na kibuyu cha maji, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Watu walisema Kiingereza kinamchoma ulimi. Nilipomuuliza alinijibu kwa sauti ya nyumbani: "Mwanangu, ukipitisha maneno ya watu wengine kinywani mwako kutwa nzima, utapenda kujua ladha ya mate yako mwenyewe."

Alipenda kusujudiwa, hilo nalo lisemwe. Mwanamke mmoja alipomwita "wewe" mbele ya watu, Mkalimani alimrudisha kusema shauri lake mara tatu, kila mara akidai hajasikia vizuri, mpaka yule mama akasema "mheshimiwa" huku machozi yanamtoka. Nyumbani kwake hakuna aliyefungua mdomo yeye akiwa anakula. Akilewa kidogo aliwakata watu maneno, akawamalizia sentensi zao, na mara nyingi alizimalizia vizuri kuliko wao.

Lakini barua alisoma bure. Wanaume wetu wengi walikuwa wamevuka mpaka, wako Rhodesia kwenye migodi ya shaba, na barua zao zilipofika wake zao walizipeleka kilimani. Mkalimani aliketi kwenye kigoda, akafungua bahasha kwa kisu, akasoma. Ya baba yangu aliisoma hivi: "Anakusalimu sana. Anasema kazi ni ngumu lakini afya anayo. Anasema watoto wamche Mungu. Anasema vumilia." Mama aliikunja, akaiweka kwenye kikapu pamoja na kitabu chake cha nyimbo za kanisani.

Nilikuja kuisoma mwenyewe, baada ya kufika darasa la nne kule misheni. Baba alikuwa ameandika kwamba ameoa mwanamke mwingine mgodini, na kwamba mama asimsubiri. Kwa miaka mitatu mama alikuwa amesubiri. Nilipanda kilimani nayo mkononi. Mkalimani hakukana.

"Mwaka ule mama yako alikuwa na mimba," alisema. "Ungetaka nimsomee?"

"Ningetaka asomewe barua yake."

"Basi wewe ungekuwa mkalimani mbaya."

Yule mtoto wa mimba ile alizaliwa salama. Ni mdogo wangu wa mwisho. Kwa hiyo hata hapo sikujua nimshike wapi, kwa shukrani au kwa koo.

Na alikuwa jasiri, akitaka. Bwana Mifugo, mzungu aliyekuja kukagua ng'ombe, siku moja alimtukana mzee wetu aliyechelewa kuleta mifugo yake. Akamgeukia Mkalimani amfikishie. Mkalimani akafumbua macho, akasema kitu kwa Kiingereza, akafunga mdomo. Tarishi, mjumbe wa Bwana Shauri, ndiye aliyetueleza baadaye alichosema: kwamba neno hilo halina njia katika lugha yetu. Bwana Mifugo alipiga kelele mpaka shingo ikawa nyekundu, na Mkalimani akasimamishwa kazi mwezi mzima. Alikaa kilimani, anachunga mbuzi wake, koti jeusi begani, na watu wa mabonde yote mawili walimpelekea maziwa.

Kumbukeni hilo. Mimi sijalisahau. Aliweza kukataa.

Juu ya serikali alikuwa na maneno yake, na aliyasema kwenye mrija wa pombe. "Serikali haina masikio," alisema. "Serikali husomewa." Na jingine: "Ukimwona mtawala anakuuliza unataka nini, jua ameshaamua. Anatafuta mashahidi." Tulicheka. Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye aliyecheka kuliko wote, akapiga paja. Tulidhani mtu anayeyajua mambo hivyo hawezi kuyatenda.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili, askari wetu wameshatoka kupigana Bama, huko Asia. Kulikuwa na hofu ya sotoka, ugonjwa unaomaliza ng'ombe, na serikali ikataka bonde lenye maji karibu na mpaka liwe karantini, mahali pa kuwazuia ng'ombe wanaovuka mpaka wachunguzwe. Mabonde yenye maji yalikuwa mawili. Bwana Shauri akaja, kijana bado, mstaarabu, anavua kofia mbele ya wanawake. Alisimama mbele ya baraza, na ile sauti nyembamba ikaanza.

"Anasema zamani wangeleta amri tu. Anasema sasa dunia imebadilika. Serikali haitaki tena kuwaamulia. Mtaamua wenyewe, kwa kura, kama wanavyofanya kwao. Bonde moja litatolewa. Neno la wengi ndilo litakalofuatwa."

Mjomba akasimama. "Muulize hivi: wengi watafuata neno lao. Na wachache, watafuata nini?"

Mkalimani akafumbua macho, akamtazama mjomba. Akasema maneno manne au matano ya Kiingereza. Bwana Shauri akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha salamu, lakini tabasamu nalijua. Swali la mjomba halikuwa swali la kutabasamiwa.

Kisha Bwana Shauri alisema tena, kwa haraka, kama mtu anayemalizia sala kabla ya chakula, na Mkalimani akasema: "Anasema basi tuanze."

Wanaume walipa kodi waliambiwa wapange mistari miwili. Anayetaka bonde la juu litolewe, kulia. Anayetaka la chini litolewe, kushoto. Wanawake hawakuhesabiwa. Na wanaume wetu, nimeshasema, walikuwa chini ya ardhi ya Rhodesia. Mstari wetu uliishia kwenye mwembe pori, ukafupika hapo, hata kivuli chake hakikujaa. Mama yangu akatoka kwa wanawake, akaenda akasimama nyuma ya mjomba. Tarishi akamshika mkono.

"Niache," mama akasema. "Mume wangu yuko mgodini. Nasimama kwa niaba yake."

Bwana Shauri akauliza kuna nini. Akaelezwa. Akajibu kwa upole kabisa, akimtazama mama usoni, na Mkalimani akasema: "Anasema anasikitika sana. Lakini kura haiazimwi."

Tulikuwa thelathini na wanane. Wao walipita mia. Bwana Shauri alihesabu mwenyewe, mara mbili, hakudanganya hata kichwa kimoja. Na hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Angedanganya, ningelala. Kura ilikuwa safi. Ilikuwa safi kama kisu kilichooshwa.

Sikuwalaumu watu wa bonde la juu kwa kuogopa. Kila mtu ana watoto. Ninawalaumu kwa vigelegele. Idadi ilipotajwa walipiga vigelegele, wale wale tuliooana nao, na mmoja wao alikuwa amemlipia dada yangu mahari mwaka uliotangulia. Dhuluma ya amri ina uso mmoja, na unajua pa kutemea mate. Dhuluma ya kura ina nyuso za shemeji zako. Mzungu alituletea kisu, akakiita haki, akakaa kitini akatutazama tunavyochinjana kwa utaratibu, kisha akaandika kwamba wananchi wa pale wamekomaa.

Tulipewa mpaka mavuno. Baada ya hapo askari walikuja, nyumba zikachomwa ili tusirudi, na tukahamia Chapwa, kwenye ardhi ya mawe ambayo mahindi yake yalifika magotini yakachoka. Kwenye bonde letu walisimamisha ua wa miti. Makaburi yetu yakabaki ndani, ng'ombe wakalala juu ya bibi yangu. Mama alikufa masika ya pili. Watasema ni kifua. Kilikuwa kifua, ndiyo. Na kilikuwa nyumba ya majani mabichi isiyokauka, na kukaa akitazama upande wa kule kila asubuhi kama mtu aliyesahau kitu jikoni.

Mkalimani alikuja msibani. Alileta ulezi, kapu zima, akalibeba mwenyewe kichwani, yeye na koti lake. Mjomba alilichukua lile kapu, akalirudisha njiani, akaliweka chini taratibu. Mkalimani akalitwika tena akaenda zake. Nilidhani anaona haya kwa sababu ya kazi yake tu, kama mchimba kaburi anavyoweza kuona haya. Sikujua bado.

Sotoka haikuja. Baada ya miaka michache karantini ilifungwa, ua ukaanguka. Tukaomba turudi. Shauri likapelekwa kwenye baraza, na baraza, kwa wingi wa kura, likagawa bonde letu kwa watu wa bonde la juu walioongezeka. Wakalima mahindi.

Nilipomwona tena Mkalimani nilikuwa mama wa watoto wanne, nauza maharage Tunduma mpakani. Maneno ya uhuru yalikuwa yameenea kila mahali. Kulikuwa na halmashauri mpya ya kuchaguliwa, na mwenyekiti wake alikuwa mtu wetu, mweusi kama sisi. Mjomba, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, alisema tupeleke shauri la bonde upya. Akasema anahitajika mtu aliyesikia yote siku ile. Wote tulijua ni nani. Alikuwa amestaafu, yuko Mbebe kwa binti yake aliyeolewa huko milimani.

Nilikwenda siku mbili na nusu kwa miguu. Nilimkuta uani, anapukuchua maharage, magoti yamevimba. Alinitambua mara moja.

"Mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma barua."

"Ndiye. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Nikamweleza nilichofuata: aje aseme tu kwamba siku ile hatukukubali, kwamba mjomba aliuliza. Akaendelea kupukuchua kwa muda mrefu. Kisha akasema bila kuinua macho.

"Bwana Shauri alisema mambo matatu. Mimi nilivusha mawili."

Sikuelewa.

"La kwanza, bonde la juu. La pili, bonde la chini. La tatu alisema mwishoni, harakaharaka: kwamba kama watu hawataki kutoa bonde lolote, wana haki ya kusema hivyo, naye atapeleka neno hilo kwa Gavana na ng'ombe watafutiwe mahali pengine."

Kuku walikuwa wanaparura pembeni. Nakumbuka nilimfukuza mmoja, kwa uangalifu, kama jambo la maana.

"Nani alikukataza kulisema?"

"Hakuna. Hilo ndilo utakalolichukia. Hakuna aliyenikataza. Jua lilikuwa kali. Nilijua hamaanishi. Nilijua mkikataa watakuja askari, na mtapoteza hata huo uchaguzi. Nikaona niwapunguzie. Nilidhani nawaokoa."

"Bwana Mifugo alipotukana ulikataa kulipitisha neno lake."

"Lile lilikuwa tusi."

"Na hili lilikuwa nini?"

Akachukua ganda jingine la maharage.

"Shamba la mkeo," nikasema, "lilikuwa bonde gani?"

Mkono wake ulisimama ndani ya maganda. "La juu," akasema.

Nimefikiri sana kuhusu utawala tangu siku ile. Watu husema nguvu ya serikali ni bunduki, au ni kodi, au ni Gavana aliye mbali. Mimi niliona nguvu yake Mbebe, uani, ina magoti yaliyovimba. Ni mtu mmoja aliyesimama katikati, akaamua kwa niaba yetu ni kipi kinatufaa kusikia, kisha akatuita tupige kura juu ya kile kilichobaki. Tulichagua kwa uhuru wote ndani ya chumba ambacho mlango wake mmoja yeye aliufunika kwa mgongo. Na tukaambiwa tuheshimu matokeo.

Nilitaka kumpiga. Badala yake nikamwambia: "Utakuja uyaseme hayo mbele ya watu."

Akasema, "Nitakuja."

Na alikuja, siwezi kumnyima hilo. Binti yake alimpakia kwenye lori la kahawa, akashuka na koti lake, sasa limekwisha viwiko. Akasimama mbele ya halmashauri akasema yote, kwa sauti ya nyumbani, macho wazi. Alisema mpaka habari ya shamba la mkewe. Bwana Shauri wa wakati huo, mwingine kabisa, alikaa nyuma na kusikiliza kama mgeni kwenye harusi. Wajumbe wengi walikuwa watu wa bonde la juu, kwa kuwa ndio waliokuwa na watu wengi wa kuwachagua.

Mjumbe mmoja akasimama akasema mzee amenunuliwa. Mwingine akasema mzee amezeeka. Mjomba akapiga mkongojo sakafuni. Kelele zikazidi, ndipo mwenyekiti akagonga meza.

"Tusibishane kama watu wa zamani," alisema. "Sisi sasa ni watu wa kura. Wanaoamini kwamba maneno hayo yalisemwa, wanyooshe mikono."

Mikono minne.

"Wasioamini."

Kumi na tisa.

"Bwana Mwenyekiti," Mkalimani akasema, "neno lililosemwa haliachi kuwa limesemwa kwa sababu ya mikono."

"Kaa chini, mzee wangu. Umeshindwa."

Karani akaandika. Nilimwona akiandika. Katika kitabu cha halmashauri ile, kwa wingi wa kura, sentensi ile haikuwahi kutamkwa.

Lori la kurudi lilikuwa la kesho yake, na ilibidi nimpeleke alale kwa ndugu wa mkewe, bonde la juu. Njia inapita bondeni kwetu. Tulikwenda polepole kwa ajili ya magoti yake. Mahindi yalikuwa yamekomaa, marefu kuliko mtu, na mto ulisikika upande wa kushoto.

Mama mmoja alitoka shambani, mgeni kwangu, mwenye sura njema, kanga kiunoni. Alikuwa na mahindi ya kuchoma, bado ya moto. Alitusalimia vizuri, akasema tumechoka, akanipa mawili. Niliyashika. Sikuweza kuitikia. Nilikuwa natazama mahali aliposimama, penye mawe matatu meusi yaliyobaki ardhini, nyuma ya miguu yake.

"Mbona dada hasemi?" akauliza, anamtazama mzee.

"Anasema asante," Mkalimani akajibu.

Lilimtoka tu, kama kikohozi. Aligundua mwenyewe, niliona mdomo wake umebaki wazi.

"Sikusema hivyo," nikamwambia yule mama, nikamrudishia mahindi yake mkononi, yote mawili. "Unasimama jikoni kwa mama yangu. Ndicho ninachosema."